Kurasa 8 za Cook: jinsi hesabu ya marejeleo inavyompunja mwananadharia

Mwaka 1970 idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilimnyima mwananadharia wa kompyuta Stephen Cook ajira ya kudumu. Akafunga virago akaenda Toronto. Mei 1971, huko Shaker Heights katika jimbo la Ohio, aliwasilisha makala ya kurasa 8 kwenye mkutano wa tatu wa STOC, mkutano mkubwa wa nadharia ya kompyuta. Imo katika kumbukumbu za mkutano huo kuanzia ukurasa wa 151 hadi wa 158. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, na makala hiyo ndiyo iliyotajwa kwanza. Richard Karp, ambaye alikuwa Berkeley siku hizo, baadaye alisema hadharani kwamba kushindwa kuishawishi idara ya hisabati imbakize Cook ni aibu isiyofutika.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha kamati isiyoona mbali. Lakini kamati ya 1970 haikuwa na makala ya 1971 mezani. Swali lenye uzito ni jingine: tuseme makala ilishatoka, na kamati ina Google Scholar, Scopus (kanzidata zinazohesabu marejeleo, yaani mara ambazo makala imetajwa na makala nyingine) na kila kikokotoo cha leo, je, tarakimu zingeionyesha kazi ya Cook kwa ukubwa wake? Zingeionyesha nusunusu. Sababu zake hazina muujiza wowote; zinatokana na namna marejeleo yanavyotiririka ndani ya nadharia ya kompyuta, na zinaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuanze na kilichomo. Cook alithibitisha kwamba kila tatizo ambalo jibu lake, likishaletwa, linaweza kuhakikiwa kwa muda wa polinomia, yaani muda usiolipuka tatizo likikua, linaweza kugeuzwa kuwa swali moja la mantiki: je, vigeu vya fomula hii vinaweza kupewa thamani zitakazoifanya iwe kweli? Mwenyewe aliliandika kwa upande wa pili wa sarafu hiyohiyo, yaani fomula iliyo kweli siku zote. Ukipata njia ya haraka ya kujibu swali hilo moja, umepata njia ya haraka ya kupanga ratiba, kupaka ramani rangi, kujaza kontena, na maelfu ya mengine. Neno "NP-kamili", ambalo leo ndilo jina la matatizo magumu ya aina hiyo, halimo katika kurasa hizo. Alama P (matatizo yanayotatulika haraka) na NP (yale ambayo jibu lake huhakikiwa haraka) tunazozizoea zilikuja na Karp mwaka uliofuata.

Na hapo ndipo marejeleo yalipoanza kuchepuka. Machi 1972, kwenye kongamano lililofanyika katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, New York, Karp alionyesha matatizo 21 ya kawaida ya kombinatoriki (hesabu za kupanga na kuchagua) ambayo yote yanafungamana kwa njia aliyoionyesha Cook. Mtu wa ratiba au wa mitandao aliyetaka kuthibitisha kuwa tatizo lake ni gumu hakuwa na haja ya kurudi kwenye mashine za Turing, yaani mfano wa kinadharia wa kompyuta. Alichukua mojawapo ya yale 21, akaligeuza kuwa lake, akamtaja Karp. Mwaka 1979 Michael Garey na David Johnson wakatoa kitabu chenye orodha ya matatizo zaidi ya 300 mwishoni. Tangu hapo, mwenye tatizo jipya alifungua orodha, akachagua linalofanana na lake, akawataja Garey na Johnson. Kanzidata ya CiteSeer ilipopanga vyanzo vinavyorejelewa zaidi katika sayansi ya kompyuta mwaka 2006, kilichokaa kileleni ni kitabu hicho.

Hatua ya tatu ndiyo isiyoacha alama kabisa. Leo mwandishi huandika tu "tatizo hili ni NP-kamili" na kuendelea na safari. Hamtaji mtu. Hakuna anayemtaja Pythagoras akipima mlalo wa pembetatu. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza jambo hili zamani: wazo likifaulu kupita kiasi humezwa na maarifa ya kawaida, na chanzo chake kikafutika. Kwa hiyo mkondo wa marejeleo ya thiorema hii ulijaza kwanza mtungi wa Cook, kisha wa Karp, kisha wa kitabu, na sasa unamwagika mchangani. Anayepima mtungi wa kwanza peke yake anaona maelfu na kudhani ameona kisima.

Upande wa pili wa dunia kulikuwa na hali mbaya zaidi. Leonid Levin, mwanafunzi wa Andrei Kolmogorov mjini Moscow, alifikia jambo hilohilo kivyake na kulichapisha mwaka 1973 kwa Kirusi katika kurasa 2 hivi, akiorodhesha matatizo 6. Mamlaka za Kisovyeti zilikuwa zimemnyima shahada ya uzamivu kwa sababu za kisiasa. Alihama mwaka 1978 na kuipata MIT mwaka uliofuata. Magharibi waliendelea kusema "thiorema ya Cook" kwa miaka mingi. Mapitio ya Boris Trakhtenbrot ya mwaka 1984, yaliyoeleza juhudi za Warusi kuhusu utafutaji wa kujaribu moja moja, yalisaidia kurekebisha jina likawa Cook–Levin. Lakini jina kurekebishwa vitabuni hakurudishi marejeleo ya miaka zaidi ya kumi iliyopita. Kanzidata haina kitufe cha fidia. Mwaka 1986 Levin akachapisha tena makala ya kurasa 2, safari hii iliyoanzisha nadharia ya ugumu wa wastani. Kwa kamati inayohesabu kurasa au idadi ya machapisho, mtu huyu ni mvivu.

Tumrudie Cook, kwa sababu rekodi yake ina tabaka ambazo vikokotoo havizigusi. Katika tasnifu yake ya Harvard ya mwaka 1966, chini ya Hao Wang, aliboresha njia ya Andrei Toom ya kuzidisha namba kubwa. Njia ya shuleni, ukiigawa kila namba vipande 3, inadai kuzidisha mara 9. Toom–Cook inatumia mara 5: unazichukulia namba kama polinomia, unazikokotoa kwenye nukta 5, unazidisha nukta kwa nukta, kisha unarudisha jibu. Kazi inakua kwa kipeo cha 1.465 hivi badala ya 2. Njia hii imo ndani ya GMP, maktaba ya hesabu za namba kubwa ambayo programu nyingi za hesabu na za usimbaji huitegemea. Kila siku inaendeshwa kwenye mashine zisizohesabika na haiongezi hata rejeleo moja kwenye jalada la mtu, kwa sababu programu haiandiki orodha ya marejeo.

Kuna pia majina. Daraja la matatizo liitwalo SC ni kifupi cha "daraja la Steve", heshima ambayo Nick Pippenger alimpa Cook. Na NC ni "daraja la Nick", heshima ambayo Cook alimpa Pippenger. Watani hao wawili wamo katika kila kitabu cha ugumu wa ukokotoaji, na hakuna anayeona haja ya kuweka tanbihi. Kisha kuna wanafunzi. Walter Savitch, ambaye thiorema yake ya 1970 inafundishwa hadi leo, alisimamiwa na Cook. Robert Reckhow aliandika naye mwaka 1979 makala iliyoweka misingi ya fani nzima ya urefu wa uthibitisho. Toniann Pitassi na Mark Braverman wote walipita mikononi mwake Toronto. Braverman ndiye aliyepokea Nishani ya Abacus, ya Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, mwaka 2022.

Jambo linalotuvutia zaidi, hata hivyo, ni sentensi moja ndani ya zile kurasa 8. Baada ya kuonyesha matatizo yanayolingana kwa ugumu, Cook alikiri kwamba hakuweza kuongeza mawili kwenye orodha: kutambua namba tasa, na kutambua kama grafu mbili (michoro ya nukta na mistari inayoziunganisha) ni ileile iliyochorwa kwa sura tofauti. La kwanza lilisubiri miaka 31. Agosti 2002, Manindra Agrawal na wanafunzi wake Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wa IIT Kanpur nchini India, walitoa rasimu fupi inayoonyesha kwamba namba tasa hutambulika kwa muda wa polinomia. Ikachapishwa mwaka 2004 na jarida la Annals of Mathematics. La pili lilisubiri miaka 44. Mwishoni mwa 2015 László Babai wa Chicago alitangaza algorithimu ya muda unaokaribia polinomia kwa grafu. Januari 2017, Harald Helfgott, akiandaa mhadhara juu ya kazi hiyo mjini Paris, aligundua kosa katika uchambuzi. Tarehe 4 Babai akaondoa dai lake. Tarehe 9 akalirudisha baada ya kuziba ufa.

Hizo siku 5 zinafundisha kuhusu upimaji kuliko jedwali lolote. Katika siku hizo dai kuu la makala lilikuwa limeanguka, na idadi ya marejeleo yake haikutikisika. Kilichoupima ukweli wake ni msomaji mmoja aliyeupitia mstari kwa mstari.

Sasa tuingie kwenye kipimo kinachopendwa na kamati nyingi, kipimo cha h. Mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005: mtu ana h ya 20 kama ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Chukua watu wawili wa kubuni. Wa kwanza ana makala 5 tu, zilizorejelewa mara 4,000, 900, 300, 40 na 12. Wa pili ana makala 30, kila moja mara 30. Kipimo cha h kinampa wa kwanza 5 na wa pili 30. Jumla ya marejeleo inageuza meza: 5,252 dhidi ya 900. Ukitumia kipimo cha g cha Leo Egghe, ambacho kinatafuta namba kubwa kabisa ambayo mraba wake hauzidi jumla ya marejeleo ya makala za juu za idadi hiyohiyo, na ukiruhusu makala tupu, zisizo na rejeleo, kuongezwa, wa kwanza anapata 72 na wa pili 30. Watu ni walewale na data ni ileile. Kipimo cha h hakiwezi kamwe kuzidi idadi ya makala zako, na mwananadharia ni mtu anayeweza kukaa miaka mitatu na thiorema moja. Hirsch mwenyewe alionya kwamba h hutofautiana sana kutoka fani hadi fani. Onyo hilo ndilo lililosahaulika wakati fomu zilipochapwa.

Tofauti ya fani si ndogo. Makala mashuhuri za mitandao ya neva zimerejelewa zaidi ya mara laki moja, katika fani yenye makumi ya maelfu ya waandishi wanaochapisha kila baada ya miezi michache. Wanaothibitisha mipaka ya chini ya saketi, yaani kwamba tatizo fulani haliwezi kutatuliwa kwa saketi ndogo, duniani wanaweza kuenea katika ukumbi mmoja wa mihadhara. Kuwalinganisha kwa namba ghafi ni kupima hariri kwa kibaba. Kipimo cha haki zaidi ni cha rika: chukua makala zote za STOC ya mwaka uleule, zipange kwa marejeleo, uone hiyo moja imeangukia wapi. Kazi hiyo inamalizika kwa asubuhi moja.

Mkutano nao ni mtego. Katika fani nyingi, makala ya mkutano ni bidhaa ghafi na jarida ndilo mali. Katika nadharia ya kompyuta, STOC (tangu 1969) na mkutano mwenzake FOCS ndiko matokeo makubwa yanakotangulia, na ushindani wake ni mkali kuliko majarida mengi. Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff walikataliwa mara tatu kabla makala yao ya uthibitisho usiofichua siri haijatoka STOC mwaka 1985. Toleo la jarida likaja 1989, na mwaka 1993 wakawa miongoni mwa washindi wa kwanza wa Tuzo ya Gödel, ya nadharia ya kompyuta. Kamati inayotoa alama kwa majarida tu ingeipa kazi hiyo sifuri kwa miaka 4. Kwa makala ya Cook, inayorejelewa hadi leo kwa kurasa za mkutano, ingeendelea kutoa sifuri.

Matoleo mengi ya kazi moja huleta tatizo la pili. Thiorema moja inaweza kuwapo kwenye ECCC na kwenye arXiv (hazina za rasimu mtandaoni), kwenye kumbukumbu za mkutano na kwenye jarida, pengine kwa vichwa viwili tofauti kwa sababu mhariri aliomba kibadilishwe. Scopus na Web of Science huyaona kama machapisho tofauti, na mengine hawayaoni kabisa. Google Scholar hujaribu kuyaunganisha, lakini kichwa kikibadilika huyaacha mbali, na kwa upande mwingine huingiza slaidi, tasnifu na hata makala za mtu mwingine mwenye jina lilelile. Jina kama S. Cook ni la kila mtaa.

Mpangilio wa majina ndio unaoumiza kimyakimya. Wananadharia hupanga waandishi kwa alfabeti. Agrawal, Kayal, Saxena: hapo hakuna aliyetangulia kwa mchango. Mfumo unaompa "mwandishi wa kwanza" alama nyingi unamzawadia anayeitwa A na kumwadhibu anayeitwa Z maisha yake yote ya kazi. Rivest, Shamir na Adleman wa RSA, ile njia ya usimbaji, walivunja alfabeti mwaka 1978, na ndiyo maana mpangilio wao unakumbukwa. Mwalimu wa nadharia anayeomba kupandishwa cheo, awe Dodoma, Nairobi au Toronto, aambatanishe karatasi mbili kwenye jalada lake: tamko la Chama cha Hisabati cha Marekani la mwaka 2004 kuhusu utafiti wa pamoja na mpangilio wa majina, na waraka wa mwaka 1999 wa Chama cha Utafiti wa Kompyuta cha Marekani kuhusu kutathmini wanasayansi wa kompyuta, unaoeleza uzito wa mikutano. Kamati za vitivo vingine hazijui haya, na si kosa lao mpaka waelezwe.

Hata hivyo, hoja hii isigeuzwe mwavuli wa kila jalada jembamba. Makala yenye marejeleo sifuri baada ya miaka 10, hata kutoka kwa watu wa ukumbi ule mmoja, inadai maelezo. Na kisingizio cha "mimi ni Levin" kinahitaji zile kurasa 2.

Anayetaka kusoma rekodi ya mwananadharia kwa haki aanze na DBLP, ile kanzidata iliyoanzia Trier, Ujerumani, mwaka 1993. Haimpi mtu alama. Inampa orodha safi, yenye majina yaliyotenganishwa na matoleo yaliyo wazi. Kwa kila kazi aunganishe matoleo yake yote kuwa moja, atafute arXiv na ECCC kwa majina ya waandishi wala si kwa kichwa, ndipo aende Google Scholar kuchukua idadi, atoe marejeleo ya mwandishi kwa kazi zake mwenyewe, na aandike tarehe aliyoangalia, maana kesho namba itakuwa nyingine. Hapo amefika katikati ya kazi. Iliyobaki ndiyo inayorukwa: achague kazi 3 muhimu, na kwa kila moja afungue makala 30 zinazoirejelea, 10 za mwanzo, 10 za katikati, 10 za karibuni. Akichukua za juu tu kama Google Scholar inavyozileta, atapata zilizo maarufu tayari na sampuli itampotosha.

Kwenye kila moja ya hizo 30 aulize swali moja: ukiifuta kazi hii, uthibitisho wa makala inayoirejelea utasimama? Kutajwa katika utangulizi pamoja na wengine 8 ndani ya mabano mamoja ni salamu tu. Kutumika kama kiungo cha uthibitisho ni deni. Kuboreshwa, yaani mtu kushusha kipeo au kuondoa sharti, ni dalili kwamba kazi iko hai. Kupingwa au kusahihishwa nako kuandikwe. Helfgott hakumdhalilisha Babai, alimsaidia. Mtu mwenye shahada ya uzamili katika fani atazipitia makala 30 kwa alasiri mbili hivi, kwa sababu hazisomi zote. Anafuata namba ya rejeleo mahali ilipotumika.

Matokeo yaingie kwenye jalada kwa mistari michache, bila grafu za rangi. Kwa mfano: "Makala ya mkutano, toleo la jarida miaka 3 baadaye, yamehesabiwa kama kazi moja. Waandishi watatu kwa alfabeti. Marejeleo 64 bila ya wenyewe, tarehe fulani, Google Scholar. Kati ya 30 zilizosomwa: salamu 17, zimetumia ufafanuzi wake 6, zimeegemeza uthibitisho juu yake 5, zimeboresha 2. Mojawapo ya hizo 2 imefunga swali lililoachwa wazi katika sehemu ya 5."